Shaka Haichagui Upande

Katika bonde la Lumuma, wilayani Kilosa, wanyama waliacha zamani kuwindana wakashika jembe. Mto Lumuma uliteremka kutoka milimani kwenda kukutana na Mkondoa, na kila mwenye kwato, kucha au bawa alikuwa na vitalu vyake kando ya mfereji. Maji waligawana kwa zamu. Walichopanda ni vitunguu vyekundu, na msimu wa kuvuna ukifika bonde zima lilinukia vitunguu tangu alfajiri hadi usiku.

Mnunuzi alikuwa mmoja tu. Fisi alikuja na fuso lake kila mavuno, akalipaki chini ya mkuyu, akashusha bunda la magunia na kamba za katani. Bei aliitangaza kwa gunia, kilo hazikutajwa kamwe. Na gunia kwake halikuwa na mwisho. Tembo, kuli wake, alijaza vitunguu hadi mdomoni, akalitikisa gunia na kulishindilia, akajaza tena. Kisha Sungura, dalali wa kijiji, akaongeza vitunguu vingine juu ya mdomo na kuvifunga kwa wavu na kamba hadi gunia likawa na kichwa na shingo. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna mkulima bondeni ambaye hakuijua. Aliyenung'unika alijibiwa na Sungura kwa sauti laini, "Bibi yangu, gunia ni gunia. Haba na haba hujaza kibaba." Hakusema ni kibaba cha nani.

Bi Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga sita. Mwaka mmoja aliuza magunia manane, na pesa aliyorudi nayo nyumbani haikutosha hata kulipa deni la mbegu na mbolea. Hakulia. Alikwenda barazani akasimama mbele ya wazee. "Wazee wangu, shikamooni. Tunalipwa kwa kitu tusichokijua ukubwa wake. Tununue mizani."

Wanyama wakachanga. Wakanunua mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa mviringo, mshale mwekundu, na kilo zilizoandikwa moja moja kutoka 0 hadi 200. Ikatundikwa kwenye tawi la mkuyu kwa mnyororo, na ndoano chini yake.

Siku ya kwanza bonde lote lilihudhuria. Gunia la Bi Kanga likapandishwa na lumbesa yake kichwani. Twiga, aliyekuwa amehamia kutoka upande wa Mikumi na ambaye macho yake yalikuwa juu ya mizani, akasoma kilo 127. Kobe, aliyeinua shingo kutoka ardhini, akasoma 133. Ngedere akasoma 130. Bi Kanga akarukia tawi la karibu, akasoma 131. Sungura akachungulia kwa ubavu akasema 128. Gunia ni lilelile, mizani ni ileile, na majibu ni matano.

Kelele zikaanza. Kobe alimwita Twiga mwongo. Twiga alimwita Kobe kipofu. Ngedere alidai wote wawili wamehongwa. Mzee Nyani, mwenyekiti wa baraza, akagonga fimbo yake chini mara tatu. "Tulichanga pesa zetu ili tupate jibu. Hatukuchanga ili tupate majibu. Kipimo kinachotoa namba tano hakijui lolote."

Fisi alikuwa akilingojea neno hilo. Akasimama polepole, akafuta mdomo. "Wazee wangu, mimi sikusoma sana, lakini macho ninayo. Mwaka juzi gunia langu lilikuwa gunia moja. Mwaka jana, gunia moja. Leo, gunia moja. Mizani yenu imebadilika mara tano kabla jua halijafika utosini. Niambieni, kati ya hivi viwili, mwaminifu ni kipi?"

Baraza likapiga makofi. Wakaamua kwamba mizani ibaki mtini kwa heshima ya michango ya wananchi, ila karani aandike namba moja tu kwa kila gunia, asilete ugomvi. Na kwa kuwa siku zote gunia limehesabiwa kilo mia, namba hiyo iwe 100. Tumbili akapewa daftari na kalamu.

Siku ya kwanza Tumbili alitazama mshale, akaandika 100. Siku ya pili aliandika bila kutazama. Msimu wa pili alikuwa akizijaza kurasa nyumbani kwake usiku, kabla vitunguu havijang'olewa. Daftari lake likawa safi kuliko daftari lolote wilayani: mia, mia, mia, kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Mzee Nyani alilifunga kwa kitambaa cheupe na kulionyesha kwa kila mgeni, na kila mgeni alilisifu. Vifaranga wa Bi Kanga waliendelea kukonda.

Niseme wazi hapa, kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi walio mbali na Lumuma. Fisi hakulidanganya baraza lile peke yake. Hamu ya kupata namba moja isiyo na ubishi ilikuwa imekwisha kulidanganya kabla hajafungua mdomo. Baraza lilikutana na ukweli wenye kingo zinazotikisika na uongo uliosimama wima, likauchagua uongo kwa sababu ya usimamaji wake. Kosa hilo hufanywa darasani, mwanafunzi anapofuta jibu lake ili lifanane na la jirani. Hufanywa zahanati, presha inapopimwa mara moja mgonjwa akiwa bado anahema, kisha namba hiyo moja ikachukuliwa kuwa hali yake yote. Na hufanywa sokoni kila siku.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyekuja Lumuma alikuwa Panya Buku, binti wa ukoo ulioishi Morogoro mjini. Ndugu zake walikuwa wakifundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wa ukoo wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia kutafuta mabomu, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza kwa kazi yake. Katika ukoo ule hakuna panya aliyeaminiwa kwa neno lake peke yake. Sampuli moja ya makohozi ilipitiwa na zaidi ya pua moja, kisha maabara ikathibitisha. Kwao kurudia kipimo hakukuwa aibu, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

"Shikamoo, bibi," alisema Panya Buku alipofika kwa Bi Kanga.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetukuta na mizani nzuri na njaa."

Panya Buku aliomba kwanza kuliona daftari. Mzee Nyani akalifungua kitambaa kwa fahari. Mgeni akapekua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi, akalifunga.

"Mzee wangu, magunia haya hayakupimwa."

Tumbili akaruka kutoka kwenye kiti. Mzee Nyani akauliza amejuaje, naye hakuwepo.

"Magunia haya yalijazwa na mikono tofauti," akasema Panya Buku. "Humo kuna vitunguu vikubwa na vidogo. Vingine vilikauka vizuri, vingine vilifungwa na unyevu wake. Mengine yangepimwa asubuhi, mengine jioni upepo ukivuma. Kati ya magunia yote haya, hakuna hata moja lililopungua au kuzidi kwa kilo moja. Vitu vya kweli hutofautiana. Namba zisizotofautiana kabisa hazikutoka kwenye mizani, zimetoka kichwani mwa mwandishi."

"Na yale majibu matano ya siku ya kwanza?" aliuliza Kobe, ambaye aibu ya siku ile ilikuwa haijamtoka.

"Yale yalikuwa vipimo, babu. Yana makosa ndani yake, lakini makosa yana sababu, na sababu hutafutwa. Twendeni tukaitafute."

Walipofika mkuyuni Panya Buku hakugusa gunia. Aliwaambia watazame mizani ikiwa tupu, ndoano na kamba zake zikining'inia. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulisimama kwenye 4.

Bi Kanga alielewa kabla ya wengine, na moyo wake ukashtuka. Kilo hizo nne zilikuwa zikiongezwa kwenye kila gunia lake. Akamvuta mgeni kando. "Mjukuu wangu, unataka kunipunguzia? Siku zote tunaibiwa sisi. Hizo nne ziache."

"Bibi, nikiziacha, kesho Fisi atainyooshea mizani hii kidole, naye atakuwa na haki. Kilo nne za uongo zitaua kilo zako zote za kweli."

Bi Kanga alinyamaza kitambo. Kisha yeye mwenyewe akapanda tawini, akageuza kifundo cha kurekebisha mshale nyuma ya mizani, mshale ukarudi kwenye sifuri mbele ya macho ya wote.

Ndipo gunia lake la msimu ule, lililofungwa na Tembo kwa kawaida yake, likapandishwa. Panya Buku akawaita Twiga na Kobe wasome tena, kila mmoja kutoka mahali pake. Wakatofautiana tena. Akamwomba Twiga ashushe shingo na Kobe apandishwe juu ya kichuguu, hadi macho ya wote wawili yakawa sawa na mshale. Safari hii walisoma namba moja. Mshale umeuacha uso wa mizani kwa nafasi ndogo, kwa hiyo anayeutazama kutoka juu huuona umeangukia mstari mmoja, na anayeutazama kutoka chini huuona umeangukia mwingine. Hakuna aliyekuwa mwongo wala kipofu. Kila mmoja alisoma kwa haki kile kilichoonekana kutoka mahali pake, wakatukanana miaka miwili kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenzake, "Njoo usimame hapa nilipo."

Akawafundisha pia kungoja gunia liache kubembea. Kisha akasema gunia lishushwe, lipandishwe upya, lisomwe na msomaji mwingine, mara kumi. Tumbili akaamriwa aandike kila atakachoambiwa, asirembe. Akaandika: 126, 125, 127, 124, 126, 128, 125, 127, 126, 125.

"Bado hazifanani," alisema Mzee Nyani kwa uchungu.

"Hazifanani, mzee, lakini tazama zilivyokaa. Hakuna iliyoshuka chini ya 124 wala iliyopanda juu ya 128. Tatu zimesimama kwenye 126 yenyewe, nne ziko chini yake, tatu ziko juu yake. Zinaizunguka namba moja."

Wakazijumlisha, wakapata 1,259. Wakagawa kwa kumi, wastani ukawa 125.9. Mzee Nyani akafurahi. "Hiyo sasa ndiyo namba! Andika 125.9."

"Mistari ya mizani hii ni ya kilo moja moja," akasema Panya Buku. "Upepo, macho na mkono vimetupeleka huku na huku kwa kilo mbili. Tukiiandika hiyo nukta tisa na kunyamaza, tutakuwa tunajisifu kuona tusichokiona. Tumbili, andika: kilo 126, zaidi au pungufu kilo 2."

Lilibaki swali moja, na aliyeliuliza ni Sungura, kwa kuwa alikuwa na akili. Je, kama mizani yenyewe imetengenezwa vibaya? Inaweza kurudia uongo uleule mara kumi bila kuona haya. Panya Buku akamshukuru mbele ya watu. Kurudia hupunguza makosa yanayotawanyika, alisema, ila hakuwezi kamwe kuligundua kosa lililojificha ndani ya kifaa. Kwa hilo anahitajika shahidi wa nje.

Shahidi akaletwa kutoka mtoni. Lita moja ya maji safi ina uzito wa karibu kilo moja kamili, na hakuna dalali anayeweza kuyashauri maji vinginevyo. Wakachukua madumu sita, wakayatundika matupu, mshale ukaonyesha kilo 6. Wakayajaza kwa jagi la lita moja, majagi 20 kila dumu, jumla lita 120. Mkono wa Ngedere wakati mwingine ulizidisha tone, wakati mwingine ukapunguza, na matone hayo yakafidiana kwa sehemu kubwa. Wangetumia jagi lililokatwa mdomo, lenye kupungukiwa kila mara, upungufu ule ungezidishwa mara 120. Madumu yakapandishwa yote kwa pamoja. Mshale ukapita 100, ukapita 120, ukatulia kwenye 126, pale pale liliposimama gunia la Bi Kanga. Kilo 6 za madumu, kilo 120 za maji. Mizani ilikuwa inasema kweli.

Sasa macho yote yakamgeukia Fisi.

"Binadamu wa nchi hii wana Sheria ya Vipimo, Sura ya 340," akasema Panya Buku. "Kwa sheria hiyo na kanuni zake, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wanaohakiki mizani. Gunia hili lina kilo 126, zaidi au pungufu 2. Tumpe Bwana Fisi shaka yote tuliyo nayo, tuseme ni 124. Bado umezidisha kilo 24."

Fisi alicheka. Alikuwa na silaha moja iliyobaki. "Binti, umesema mwenyewe kwamba kila kipimo kina shaka. Je, kuna mahali popote duniani pasipo na shaka hiyo?"

Panya Buku hakutaka kudanganya. Akasema hakuna. Akawasimulia kwamba tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa silinda ndogo ya platini na iridi, iliyofungiwa chini ya vifuniko vya kioo huko Sèvres, karibu na Paris. Nchi nyingi zilipewa nakala zake. Zilipolinganishwa baada ya takribani miaka mia moja, silinda na nakala zake zilionekana zimeachana kwa kiasi cha maikrogramu 50, uzito wa chembe ndogo ya mchanga. Mtu hakuweza kujua kwa hakika ni ipi iliyobadilika.

"Mmesikia!" Fisi akapaaza sauti. "Hata kilo ya Paris imekosea! Kilo zangu 26 ni shaka yangu. Kwa nini mkulima wa Lumuma awe mkali kuliko wataalamu wa dunia?"

Baraza likayumba. Wapo waliotikisa kichwa kukubali, kwa sababu hoja ya Fisi ilivaa nguo za elimu. Namwogopa fisi wa namna hii kuliko yule anayeiba usiku. Yule wa usiku anajua kwamba amekosa. Huyu huchukua unyenyekevu wa wanaopima kwa uaminifu akaugeuza kuwa kificho cha wizi wake.

Panya Buku akachora mstari mchangani kwa ncha ya mkia. "Wale wa Paris walipoona chembe ya mchanga imepotea walitangaza, wakaandika, wakabishana mchana kweupe. Tarehe 20 Mei 2019 waliacha kuitegemea silinda ile, wakaifunga kilo kwenye namba ya maumbile isiyobadilika, inayoitwa namba ya Planck. Wewe umetangaza lini kilo zako 26? Lakini sikuhukumu kwa hilo. Tukiulize kitu kisichoweza kusema uongo. Mstari huu ni kilo 100. Leteni magunia kumi na mawili ya wakulima kumi na wawili, kama yalivyofungwa na watu wa Bwana Fisi. Likipungua mia, tupeni kokoto kushoto. Likizidi, kulia."

La Digidigi likasoma 119. Kokoto kulia. La Nungunungu 131. Kulia. La Kobe 122, la Ngiri 117, la Ngedere 133. Kulia, kulia, kulia. Lilipofika la kumi na mbili, upande wa kushoto wa mstari ulikuwa mchanga mtupu.

Panya Buku akatoa sarafu ya shilingi, yenye kichwa upande mmoja na mwenge upande wa pili. "Rusheni hii mara kumi na mbili. Kuipata mwenge tupu, au kichwa kitupu mkichagua kichwa, ni bahati ya mara moja katika kila 4,096. Shaka haina shangazi wala mjomba, Bwana Fisi. Haimjui mnunuzi, haimjui mkulima. Leo humpunguzia huyu, kesho humpunguzia yule. Ikiwa kila siku inaangukia mfukoni mwa mmoja, hiyo imekoma kuwa shaka. Imekuwa mkono."

Hakuna aliyepiga makofi. Jambo lilikuwa zito mno. Tembo aliitazama miguu yake mwenyewe iliyoshindilia magunia yale, kisha akaenda kusimama mbele ya fuso.

Fisi alipoona njia imezibwa, kwa mara ya kwanza alisema jambo la kweli. "Vitunguu hunyauka njiani. Nanunua kilo nyingi Lumuma, nauza kilo chache mjini. Hasara hiyo hamjaihesabu."

Wanyama wakamzomea. Panya Buku akawanyamazisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kitunguu kimejaa maji, na hupungua uzito kadiri kinavyokauka, hasa kikifungwa kabla shingo yake haijanyauka sawasawa. Lilikuwa dai linaloweza kupimwa, basi likapimwa. Magunia matatu ya kilo 100 yakawekwa kivulini kwa wiki mbili. Moja likapungua kilo 3, la pili 5, la tatu 4. Wastani ni 4. Fisi akaomba apewe 5, na Panya Buku akasema mpeni 5, asije akasema alionewa.

Hesabu ikafungwa hivi. Gunia la Bi Kanga, kwa shaka yote ya mizani kuegemezwa upande wa Fisi, lina kilo 124. Toa tano katika kila mia kwa kunyauka, hubaki karibu kilo 118. Fisi alilipa 100. Katika magunia manane, baada ya kumpendelea kila tulipoweza kumpendelea, alikuwa amechukua zaidi ya kilo 140 zisizo zake. Akalipa kabla fuso halijawashwa, na wakulima wengine wakahesabiwa kwa njia ileile.

Baraza likaweka utaratibu mpya. Vitunguu viuzwe kwa kilo. Gunia lisipite mia na lisiwe na kichwa. Kabla ya kupima, mwenye mali na mnunuzi waitazame sifuri pamoja. Kila mwaka mizani ipelekwe kuhakikiwa, hata kama hakuna anayeilalamikia. Na katika daftari, pembeni ya kila uzito, iandikwe shaka yake.

Kwa hilo la mwisho Mzee Nyani alisita. Aliogopa wageni wataliona lile "zaidi au pungufu" na kudhani Lumuma hawajui kupima. Akapendekeza lifutwe kwenye nakala inayopelekwa wilayani.

Bi Kanga akasimama. "Mwenyekiti, tulipokuwa na namba isiyo na shaka, tuliibiwa miaka miwili na daftari likasifiwa. Siku tulipokiri kilo mbili tusizozijua, ndipo tulipoweza kuzidai nyingine zote tunazozijua. Fisi alibisha kila kitu siku ile. Kilo mbili zile hakuzibisha, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kumpa." Mzee Nyani akaliacha pendekezo lake, na Tumbili akaongeza safu ya tatu kwenye kila ukurasa.

Hekaya hii ni ya wanyama, lakini lumbesa ni ya watu, na inafungwa hadi leo kwenye vitunguu, viazi na mahindi ya wakulima ambao sheria iko upande wao. Anayefundisha watoto kupima, awafundishe kurudia kipimo, kuandika walichokiona hata kama hakifanani na cha jirani, na kusema waziwazi kiasi wasichokijua. Wakishazoea hayo wakiwa na rula na kopo la maji darasani, hawatababaishwa na mnunuzi anayewaambia kwamba tofauti ni jambo la kawaida. Watamkubalia kwamba ni jambo la kawaida, kisha watamuuliza mbona tofauti yake huangukia upande mmoja.